Ofa mbili za daktari wa familia Marekani: hesabu zenyewe zikoje?

Mzawa_wa_Ziwa ameuliza:

Wakuu, salaam. Namaliza residensi ya udaktari wa familia mwezi wa sita mwakani, huku Midwest. Viza yangu ni J-1 (ya mafunzo, inayonidai nirudi nyumbani kwanza), kwa hiyo njia ni Conrad 30, msamaha wa sharti hilo kwa kufanya kazi miaka mitatu kwenye eneo lenye uhaba wa madaktari. Nina ofa mbili na wote wanataka jibu ndani ya wiki tatu.

Ofa A ni kliniki iliyo chini ya hospitali kubwa, mji wa kati. Dola 255,000 kwa mwaka, uhakika kwa miaka miwili. Mwaka wa tatu mshahara wa msingi unaondoka, nalipwa dola 44 kwa kila wRVU (kipimo cha kazi ya daktari kwa kila huduma).

Ofa B ni hospitali ndogo ya vijijini. Msingi dola 240,000, kizingiti wRVU 4,800, juu ya hapo dola 48 kwa kila moja. Bonasi ya kusaini dola 40,000.

Kuna pia kituo cha afya cha jamii (FQHC) kinatoa 235,000 bila mambo ya wRVU. Hiki bado sijakijibu.

Wenzangu wananicheka kwamba udaktari wa familia ni wa sadaka, ningeenda kusoma moyo. Naomba mnisaidie: hizi wRVU kwa siku ya kawaida zinatoka ngapi? Naruhusiwa kufanya shifti za nje? Na hawa wanaoacha bima na kufungua kliniki za uanachama wanapata kweli au ni maneno ya mitandaoni?

---

Pointi_Tupu:

Daktari, anza kwa kugawanya. Msingi gawanya kwa kizingiti. Ofa B ni 240,000 kwa 4,800, sawa na dola 50 kwa kila wRVU (nitaziita pointi, ndivyo wengi wanavyoziita), kisha 48 ukishavuka. Ofa A ni 44 kuanzia pointi ya kwanza. Siku ukikuta msingi uleule wa 240,000 lakini kizingiti ni 6,000, ujue bei yako ni 40, hata kama bonasi imepigiwa tarumbeta.

Sasa siku ya kawaida. Kila huduma ina namba yake ya bili, na CMS (wakala wa serikali unaosimamia Medicare, bima ya wazee) imeipa kila namba pointi za kazi ya daktari. Za mgonjwa anayerudi: 99212 ni 0.70, 99213 ni 1.30, 99214 ni 1.92, 99215 ni 2.80. Mgonjwa mpya, 99203 ni 1.60 na 99204 ni 2.60. Hizo ndizo zinazojaza siku yako.

Chukua wiki 46 za kazi, siku nne na nusu kwa wiki, yaani siku 207. Wagonjwa 20 kwa siku ni mahudhurio 4,140 kwa mwaka. Daktari anayeandika kila mtu 99213 kwa woga anapata pointi 5,382. Mwenzake anayeona wagonjwa walewale, wenye presha na kisukari na figo, akiandika kwa usahihi huenda asilimia 60 ikaangukia 99214 na 40 kwenye 99213. Huyo ana pointi 6,922. Tofauti ni 1,540. Kwa bei ya dola 45 ni kama dola 69,000, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeongezwa.

Ziweke kwenye ofa zako. Kwa pointi 6,922, A ya mwaka wa tatu inatoa 304,568. B inatoa 240,000 jumlisha 2,122 mara 48, yaani 341,856. Kwa pointi 5,382, A inashuka hadi 236,808, chini ya mshahara wako wa mwanzo, wakati B bado iko 267,936.

Ila mwaka wa kwanza usijidanganye na wagonjwa 20. Kliniki mpya ukifikisha wastani wa 12 umefanya vizuri: mahudhurio 2,484, pointi kama 4,150. Kwa bei ya 44 hiyo ni dola 182,000 na kidogo. Ndiyo maana uhakika wa miaka miwili una thamani kubwa, na ndiyo maana lazima uulize kama ni uhakika kweli au ni mkopo. Kuna mikataba inakupa mshahara kila mwezi halafu mwisho wa mwaka wanapiga hesabu, na kama pointi hazikutosha unadaiwa.

Swali la mwisho kwa waajiri wote wawili: jedwali la pointi ni la mwaka gani? Usisaini bila jibu la maandishi.

---

Mama_Madai:

Mdogo wangu, mimi nipo upande wa bili, kwa hiyo nitaongelea pale ambapo noti inakosa hela.

Tangu 2021 kiwango cha mahudhurio ya kliniki kinaamuliwa na uzito wa maamuzi yako, au jumla ya muda wako wa siku ileile. Mambo ya kuhesabu mifumo ya mwili uliyopima yalishakufa. Kwa muda: 99213 angalau dakika 20, 99214 dakika 30, 99215 dakika 40, na zinahesabika hata zile za kusoma majibu kabla hajaingia na kuandika noti baada ya kutoka, mradi ni siku hiyohiyo. Muda wa muuguzi hauhesabiki.

Kwa maamuzi kuna nguzo tatu: matatizo, taarifa ulizopitia, na hatari ya matibabu. Unahitaji mbili zifike kiwango. Mgonjwa mwenye presha iliyotulia na kisukari kilichotulia, ukaendelea na dawa zake ukaandika kwamba umezipitia na kwa nini unaziacha zilivyo, hiyo ni 99214. Presha peke yake lakini haijafika lengo, ukaongeza dozi, nayo ni 99214, kwa sababu ugonjwa ambao haujafika lengo la matibabu hauitwi umetulia hata kama mgonjwa anajisikia freshi. Hapa ndipo wengi wanapopoteza: noti inasema "presha, endelea na dawa". Andika 152/94, lengo ni chini ya 130/80, umeongeza amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10. Sentensi moja tu.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kila dawa ya kuandikiwa ni 99214. Mama mwenye maambukizi ya kawaida ya mkojo, kipimo kimoja cha mkojo, antibiotiki siku tano: hatari ni ya kati sawa, lakini tatizo ni dogo na taarifa ni chache. Nguzo moja kati ya tatu. Ni 99213. Ukaguzi ukija na umezirundika hizi kama 99214, hela inarudishwa.

Halafu kuna pesa ambazo madaktari wa familia wanaziacha mezani kila siku:

Ziara ya afya ya mwaka ya Medicare. Mara ya kwanza ni G0438, zinazofuata G0439, pointi 1.92. Si uchunguzi wa mwili mzima. Ni dodoso la hatari, kuangalia sonona, kumbukumbu, kuanguka, na mpango wa chanjo na vipimo vya uchunguzi. Muuguzi au msaidizi akifanya dodoso kabla hujaingia, wewe unamalizia. Kama siku hiyo pia umerekebisha dawa za presha na kisukari, unaongeza 99214 yenye kiambatisho 25 (alama kwamba ni huduma tofauti ya siku ileile), jumla 3.84. Mwambie mgonjwa kabla: ziara ya mwaka ni bure kwake, ile ya pili ina mchango wake. Usipomwambia, bili ikifika nyumbani atapiga simu kliniki akiwa amewaka.

G2211 ni ya uhusiano wa muda mrefu kati ya daktari na mgonjwa, inalipwa na Medicare tangu Januari 2024, pointi 0.33 juu ya mahudhurio ya kawaida. Ina mtego: ukiweka kiambatisho 25 inakataliwa, isipokuwa kuanzia 2025 kama sababu ya hiyo 25 ni ziara ya mwaka, chanjo au huduma nyingine ya kinga ya Medicare. Yaani siku uliyomchoma mtu sindano ya goti, G2211 haipiti. Bima binafsi nyingine haziilipi kabisa, kwa hiyo usiipangie bajeti kwa wagonjwa wote. Ukiwa na mahudhurio 1,200 ya Medicare yanayostahili kwa mwaka, ni pointi 396.

Mgonjwa aliyetoka kulazwa. 99495 ni pointi 2.78, 99496 ni 3.79. Masharti: kliniki impigie simu ndani ya siku mbili za kazi tangu atoke, aonwe ndani ya siku 14 kwa ya kwanza, siku 7 kwa ya pili ikiwa maamuzi ni mazito, na dawa zake zipitiwe si zaidi ya siku ya kumwona. Inakufa kwa sababu moja karibu kila mahali: hakuna mtu aliyepewa kazi ya kupiga simu. Ukiajiriwa, uliza nani anapokea orodha ya waliotoka wodini kila asubuhi. Wakikutazama tu, jibu umelipata.

Mazungumzo kuhusu matakwa ya mgonjwa ikifika mwisho wa maisha, 99497, pointi 1.50, yanahitaji dakika 16 kwenda juu, na dakika hizo ziandikwe peke yake.

Taratibu ndogo za mikono pia zinajaza, ingawa nasema wazi kwamba hazitajirishi mtu kama watu wanavyodhani. Sindano ya goti au bega, 20610, ilikuwa 0.79, kitanzi, 58300, 1.01, kuchukua kinyama cha ngozi, 11102, 0.66. Kuanzia 2026 CMS imekata asilimia 2.5 kwenye pointi za huduma zisizopimwa kwa muda, kwa hiyo hizi zimeguswa, mahudhurio ya kliniki hayajaguswa. Mara hii tumepona sisi. Faida ya taratibu ni kwamba sindano ya bega ya dakika tano inaingia juu ya mahudhurio, si badala yake, kama kweli ulitathmini tatizo jingine.

---

Kifungu_kwa_Kifungu:

Wamekuonyesha mapato. Mimi naongelea yale yanayoyala.

Bima ya makosa ya kitabibu. Uliza ni ya aina gani. Ile inayofunika tukio lililotokea wakati ulipokuwa kazini haina shida. Ile inayofunika dai lililoletwa wakati bima iko hai inakwisha siku unayoondoka, na mgonjwa wa mwaka jana akishtaki mwaka kesho uko wazi. Inabidi ununue bima ya ziada, wanaiita teli, na gharama yake mara nyingi ni mara moja na nusu hadi mbili ya ada ya mwaka mzima. Mkataba useme mwajiri analipa, angalau ukimaliza miaka mitatu au yeye akikuondoa. Kwenye FQHC nyingi kinga inatoka serikali kuu chini ya sheria ya FTCA, hakuna teli kwa kazi ya pale. Shifti yako ya nje haimo kwenye kinga hiyo, wengine wanalisahau hilo.

Bonasi ya 40,000 karibu kila mara ni mkopo unaosamehewa kidogokidogo. Ukiondoka baada ya miezi 18 katika 36, unarudisha nusu. Soma kama unarudisha kiasi kabla ya kodi au kilichoingia benki, kwa sababu walishakata kodi ya serikali kuu asilimia 22 na zaidi kabla hujaiona. Na soma kama unadaiwa hata wakikufukuza bila sababu.

Hapo ndipo viza yako inapoingia. Mikataba mingi inaruhusu upande wowote kuvunja kwa notisi ya siku 90 bila sababu. Kwa raia ni usumbufu. Kwa daktari wa Conrad 30 ni hatari, maana ukikosa ajira kwenye H-1B (viza ya kazi utakayohamia baada ya msamaha) una siku zisizozidi 60 za kujipanga, na miaka mitatu lazima uimalize mahali panapostahili. Omba kifungu hicho kiondolewe kwa miaka mitatu ya mwanzo. Majimbo mengine yenyewe hayakubali kifungu hicho wala cha kukuzuia kufanya kazi jirani baadaye, kwa hiyo soma mwongozo wa idara ya afya ya jimbo kabla ya kubishana.

Jambo jema: kwenye H-1B mwajiri hawezi kukulipa chini ya mshahara alioutangaza kwenye ombi la kazi. Kwa hiyo ile "mwaka wa tatu pointi tupu" ya Ofa A ina sakafu, wapende wasipende. Mwambie mwanasheria wako aandike sakafu hiyo ndani ya mkataba, ijulikane.

Shifti za nje: huwezi kwenda tu. Mwajiri wa pili lazima awasilishe ombi lake la H-1B kwa ajili yako, na usianze kabla halijawasilishwa. Kujiajiri kama mkandarasi binafsi ukiwa H-1B usiguse. Njia rahisi ni shifti za ziada za mwajiri yuleyule, mahali palepale palipotajwa kwenye ombi, zilipwe kwa kiwango kilichoandikwa.

---

Kijijini_Raha:

Mkuu, kuhusu Ofa B hujasema kitu cha maana kuliko vyote: zamu za usiku na chumba cha dharura. Hospitali ndogo za vijijini za daraja la Critical Access, zisizozidi vitanda 25, mara nyingi daktari wa familia ndiye anayezungukia wodi, na pengine anashika dharura pia. Uliza kila mwezi usiku ngapi, unakaa nyumbani au hospitalini, na inalipwa pembeni au imemezwa ndani ya 240,000. Ikiwa imemezwa, usiku mmoja kwa kila minne, gawanya msingi wako upya kwa saa na utaona bei inavyoyeyuka.

Kama wodi inahesabiwa kwenye pointi ni habari njema. Kulaza mgonjwa mgumu, 99223, ni 3.50, kumwona kesho yake, 99232, ni 1.59. Wagonjwa watano wa wodini kila asubuhi kabla ya kliniki ni karibu pointi nane.

Na nyumba za wazee, hakuna aliyetaja. Kanuni inataka mkazi aonwe angalau kila siku 30 kwa siku 90 za mwanzo, kisha angalau kila siku 60. 99309 ni pointi 1.92, wagonjwa wako jengo moja, hakuna anayekosa miadi. Kasoro yake ni simu za usiku za wauguzi. Weka makubaliano ya nani anapokea.

---

Mzawa_wa_Ziwa:

Asanteni sana wakuu, na Mama Madai shikamoo. Nimewaandikia wote. Ofa B wamejibu: zamu usiku mmoja kwa mitano, naitwa kutoka nyumbani, dharura ina madaktari wake, wodi inahesabiwa kwenye pointi. Ofa A wamejibu kwamba jedwali ni la CMS la 2020. Hii ina shida?

---

Pointi_Tupu:

Ina shida kubwa. Mwaka 2021 CMS ilipandisha mahudhurio ya kliniki. Kwenye jedwali la 2020, 99213 ni 0.97 na 99214 ni 1.50. Chukua mahudhurio yaleyale 4,140, mchanganyiko uleule wa 60 kwa 40: badala ya 6,922 unapata 5,332. Mara 44 ni 234,608. Wamekupunguzia kama dola 70,000 kwa mwaka kwa kutaja mwaka tu, na mwajiri anakusanya kutoka Medicare kwa jedwali la sasa.

Hospitali zilizobaki na jedwali la zamani hujitetea kwamba zimepandisha bei ya pointi. Basi wapandishe: ili 5,332 ilingane na 304,568 bei inatakiwa iwe kama dola 57, siyo 44. Wajibu hivyo kwa barua pepe, kwa heshima, na hesabu ikiwa imeambatanishwa. Ama jedwali la mwaka husika kwa 44, ama la 2020 kwa 57.

Ukiwa hapo uliza na hili: pointi zinahesabiwa bili ikitumwa au bima ikilipa? Ziwe za bili kutumwa. Kukataliwa kwa madai ni kazi ya ofisi yao, siyo yako.

---

Uanachama_Tu:

Kwa swali lako la kliniki za uanachama. Mgonjwa analipa kila mwezi, bima haihusiki. Tuseme wanachama 500, wastani dola 80 kwa mwezi: dola 480,000 kwa mwaka. Toa pango, msaidizi mmoja, programu ya kumbukumbu, vifaa, bima ya makosa, tuseme asilimia 38, unabaki na karibu 298,000 kabla ya kodi, ukiwa na wagonjwa 500 badala ya 2,000. Kuanzia Januari 2026 sheria imeruhusu watu wenye akaunti za akiba ya afya (HSA) kuwa wanachama bila kupoteza haki yao, mradi ada haizidi dola 150 kwa mwezi kwa mtu mmoja, 300 kwa familia. Hilo limefungua mlango kwa waajiri wadogo wanaotaka kuwaandikisha wafanyakazi wao.

Ada iwe chini ya hapo, dawa za jumla uuze kwa bei karibu na ya ununuzi pale jimbo linaporuhusu, vipimo vya maabara upatane bei ya moja kwa moja. Hesabu inakaa.

---

Mama_Madai:

Inakaa ukishafika 500. Akiingiza wanachama 20 kwa mwezi, bila mtu kuondoka, atafika mwezi wa 25. Mwezi wa 10 ana 200, mapato dola 16,000 kwa mwezi, na pango ni lilelile. Watu wanafunga kliniki mwezi wa 14, si kwa sababu mfumo ni mbaya bali kwa sababu akiba ilikuwa ya miezi sita.

Na kuna la Medicare. Ili kuwatoza wazee ada binafsi kwa huduma ambazo Medicare inazifunika, unajitoa Medicare rasmi kwa miaka miwili, na isipofutwa inajiendeleza yenyewe. Ukishajitoa umejitoa kila mahali: ile shifti ya wikiendi kwenye kliniki ya haraka uliyotegemea ikulishe wakati kliniki yako inakua, mwajiri hawezi kuilipisha Medicare kwa jina lako isipokuwa kwa dharura. Wengi wanagundua hili baada ya kutuma kiapo. Kuna siku 90 za kubatilisha, lakini ni kwa mara ya kwanza tu.

Kwa huyu mdogo wetu mwenye J-1 hii ni habari ya baada ya miaka mitatu. Asihangaike nayo leo.

---

Uanachama_Tu:

Hapo sibishi. Aanze kuajiriwa, aweke akiba ya gharama za mwaka mzima, ajenge jina mji uleule kama mkataba hauna kifungu cha kumzuia.

---

Kifungu_kwa_Kifungu:

Nimalizie mawili. La kwanza FQHC. Vituo hivyo vinalipwa na Medicare na Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) kwa kila ziara, kiwango kimoja, kwa hiyo 99213 na 99214 kwao ni karibu kitu kilekile na ndiyo maana hawakupi pointi. Bonasi zao hufuata idadi ya ziara au vipimo vya ubora. 235,000 yenye kinga ya FTCA, bila usiku hospitalini, likizo wiki tano au sita, si ya kudharau. Kwa wasomaji wengine wenye uraia na mikopo ya shule: huko ndiko kwenye malipo ya mkopo ya NHSC (mpango wa serikali kuu kwa wanaohudumu maeneo yenye uhaba), na mashirika yasiyo ya faida yanahesabika kwa msamaha wa serikali kuu baada ya malipo 120. Mwenye J-1 hapati NHSC.

La pili, akiba ya uzeeni. Hospitali isiyo ya faida ikikupa 457(b) juu ya 403(b), ni nafasi nzuri ya kupunguza kodi, lakini kama mwajiri si wa serikali zile hela za 457(b) kisheria bado ni mali yake hadi ulipwe. Hospitali ya vijijini yenye madeni ikifilisika, unapanga foleni na wadai wengine. Soma kwanza hesabu zao. Mashirika yasiyo ya faida hutoa fomu 990 hadharani, unaipata mtandaoni bila kumwomba mtu.

---

Lokamu_Safi:

Kwa wanaosoma uzi huu wenye kadi ya kijani, wasidhani shifti za mkandarasi ni hela tupu. Malipo ya fomu 1099 (ya mkandarasi) hayakatwi kodi kabla hujayapata. Kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3: 12.4 ya hifadhi ya jamii hadi kikomo cha mwaka (2025 ilikuwa dola 176,100, na kama mshahara wako wa hospitali umeshafika hapo sehemu hiyo hulipi tena) na 2.9 ya Medicare isiyo na kikomo. Kodi ya mapato inalipwa kwa vipande: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15, Januari 15. Ukisubiri hadi mwisho kuna adhabu. Faida ni kwamba unakata nauli ya kazi, leseni, usajili wa DEA (wa kuandika dawa zinazodhibitiwa) wa dola 888 kwa miaka mitatu, na unaweza kufungua 401(k) ya mtu mmoja.

Tena usianze kuhesabu hela kabla ya kusajiliwa na bima. Mchakato ni siku 90 hadi 120, na Medicare inakubali kurudi nyuma siku 30 tu. Daktari aliyeanza Julai bila makaratasi ya Machi anaona wagonjwa ambao hakuna bima itakayowalipia.

---

Mzawa_wa_Ziwa:

Ofa A wamerudi: jedwali la mwaka husika, lakini bei inashuka kutoka 44 hadi 41. Ofa B wamekubali kuondoa kifungu cha siku 90 na kulipa teli. Kilichobaki ni makaratasi. Conrad nitume lini?

---

Kifungu_kwa_Kifungu:

Nafasi ni 30 kwa kila jimbo kwa mwaka wa bajeti unaoanza Oktoba 1. Majimbo mengine yanajaza mapema, mengine hayajazi hata kidogo. Piga simu idara ya afya ya jimbo la Ofa B uulize mwaka jana zilibaki ngapi. Barua ya kutokuwa na pingamizi ni ya watu waliokuja kwa fedha za serikali ya kwao, usiihangaikie kama haikuhusu. Mpangilio ni huu: mkataba uliosainiwa wa miaka mitatu, saa 40 kwa wiki, anwani ya kliniki yenyewe ikiwa ndani ya eneo la uhaba. Kisha namba ya kesi kwa fomu DS-3035, kisha jimbo, kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kisha USCIS (idara ya uhamiaji), ndipo H-1B. Ukishapata msamaha unatakiwa uanze kazi ndani ya siku 90. Angalia eneo kwa anwani kamili kwenye ramani ya HRSA (wakala wa serikali unaotangaza maeneo ya uhaba), siyo kwa jina la mji. Kliniki yenye matawi mawili inaweza kuwa na tawi moja ndani na jingine nje, na wakikupangia siku mbili kwa wiki kwenye lile la nje, saa zako 40 hazijatimia.